Kihamba Kilichogawanywa Chote

Tulieni kidogo, wapendwa. Kina baba wenye vihamba, leo nina neno nanyi.

Mzee mmoja wa huku mlimani alikuwa na kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa aliloachiwa na baba yake, tena alikuwa na watoto wa kiume wanne. Aliwapenda mno. Hofu yake kubwa ilikuwa kuwaona siku moja wakishikiana mapanga kwa ajili ya ardhi. Basi akaamua: nitagawa ningali hai, tena nitagawa chote, asibaki mtu na la kusema.

Bwana ardhi wa kata akaja. "Mzee, utaratibu wetu hapa ni kuacha njia, na kipande cha ukoo kisichojengwa. Halafu vipande hivi ulivyowakatia ni vidogo mno."

"Njia ya nini? Hawa ni ndugu! Ndugu atamnyima ndugu yake kupita?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Huyu anataka kuwapunja wanangu, alijiambia. Akachomeka miche ya masale ya kuonyesha mpaka kwa mkono wake mwenyewe, akajibakizia pale tu penye nyumba yake.

Vijana wakajenga. Nani angewazuia? Ukuta kwa ukuta, choo, banda la ng'ombe, vyumba vya kupangisha. Kisha mama yao akafariki.

Nanyi mnajua, kwetu mama hazikwi ugenini. Hulazwa kihambani, kwenye migomba aliyoipalilia. Mzee akachukua jembe, akaenda kwa mkubwa.

"Baba, hapo pana shimo la choo."

Wa pili akasema, "Wapangaji wangu watahama wakiona kaburi mlangoni." Wa tatu hata hakutoka nje. Kitinda mimba alilia, maskini, lakini kwake hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka. Na jeneza liko barabarani, watu wanabishana lipite juu ya ukuta wa nani. Jamani! Mama aliyewazaa, akarushwa juu ya ukuta kama gunia la mahindi!

Mzee alisimama mlangoni pa nyumba yake. Akasema, "Bomoeni nyumba yangu."

Wakabomoa. Wakamzika mama pale kilipokuwa kitanda chake na mzee. Jioni watu wakatawanyika, na mzee akabaki na godoro begani, hajui abishe hodi kwa nani.

Sisi tukitajiwa utaratibu wa kugawa ardhi tunanuna, tunasema wakubwa wanatubana. Kumbe aliyeagiza njia na kipande cha ukoo viachwe alikuwa anamtafutia nafasi mama ambaye siku ile bado yuko jikoni anapika! Mzee huyu hakuwa mtu mbaya, wapendwa. Alidhani kupendana kwa wanawe kunatosha, basi. Na humu ndani wapo wanaodhani hivyo hivyo. Wiki hii hii wanakwenda kukata kihamba.

Wewe baba, mkeo ameketi hapo kando yako. Mgeukie, umtazame. Halafu uniambie utamlaza wapi.