Picha ya Arobaini na Moja

Mtu mmoja alikuwa na picha mia mbili za mimea, na hakuna hata moja iliyokuwa yake. Zilichorwa zamani na wageni waliopita milimani, zikaachwa katika makumbusho ya mkoa, na yeye, Shekiondo, alizitunza kwa miaka thelathini. Alizilaza kwenye droo, kila moja na karatasi laini juu yake. Hakuzigusa bila glavu. Mke wake alimtania kwamba laiti yeye mke angezaliwa karatasi, angependwa.

Picha ya arobaini na moja aliipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mmea mdogo uotao penye chemchemi, wenye ua la zambarau, na mchoraji alikuwa ameuonyesha wote: mzizi, jani, ua, tunda na mbegu. Wanawake wa kule waliuita mtulizo, wakawachemshia watoto waliobanwa na kifua. Zamani ulijaa kila bonde. Mashamba yalipopanda mpaka msituni ukapungua, hata ikabaki miche mitatu tu, nyuma ya nyumba ya Sauda, dada yake Shekiondo, pale mama yao alipoipanda. Sauda alichuma jani moja moja, tena kwa mgonjwa tu, na aliizungushia miiba mbuzi wasiifikie.

Mwaka mmoja ikaja habari kwamba wakaguzi watapita. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye droo, na rangi ya picha ile ilikuwa imefifia. Shekiondo alikosa raha. Alijua kuchora kiasi, na angeweza kuirudishia rangi, ila ilimpasa autazame mmea wenyewe. Kuichukua picha mpaka kwenye chemchemi hakukuwezekana, maana kanuni ilikataza picha kutolewa nje. Basi mmea ndio ulioitwa ndani.

Alikwenda siku ya gulio, akijua dada yake hayupo. Alikusudia kung'oa mche mmoja. Lakini wa kwanza ulikuwa na ua bila tunda, na wa pili ulikuwa na tunda bila ua, na mizizi ya yote miwili ilimkatikia mkononi. Picha ilitaka mzizi mzima. Akauchimba wa tatu polepole, kwa heshima kubwa, huku akijiambia kwamba mbegu zipo na zitapandwa.

Alipomaliza kupaka rangi, akafanya kama alivyozoea kufanya kwa kila kitu kilichoingia makumbusho. Aliikausha miche juu ya jiko pamoja na mbegu zake, kisha akavinyunyizia vyote dawa ya kuua wadudu. Alikumbuka baadaye kwamba mbegu zile ndizo alizokusudia kuzipanda, na sasa hazitaota tena. Hakumwambia mtu.

Wakaguzi wakaja. Waliinamia picha ile, wakaisifu, wakampa cheti, naye akakitundika ukutani.

Masika yalipofika, Sauda aliingia makumbusho akiwa na mjukuu wake mgongoni, kifua cha mtoto kinakoroma. Hakuuliza nani aliyechimba. Hakulia, wala hakugombana. Alisema tu kwamba amekuja kuuona mtulizo wa mama yake.

Shekiondo akavaa glavu, akavuta droo, akafunua karatasi. Aliona haya, na bado, Mungu amsamehe, alijivuna. Zambarau ile ilikuwa imekaa barabara. Mtoto akakohoa. Na kabla macho ya Shekiondo hayajamfikia mtoto, mkono wake ulikuwa umekwisha kuifunika picha.

"Basi kaka," Sauda akasema, "mchemshie hiyo."

Akageuka, akampeleka mtoto hospitali. Mtoto alipona, baada ya majuma mengi. Ndugu wale wawili hawakupona. Picha iko pale mpaka leo, rangi yake haina kasoro, na hakuna tena mmea wa kuilinganisha nao.

Nanyi mnaoitunza dini ya wazee wenu isiingie doa, ni mtoto wa nani aliyekohoa mbele yenu, mkakimbilia kuifunika?