Nafasi ya Mize Siku ya Mlango Kufungwa

Hapo zamani, katika mwezi wa Mfunguo Tano, mwaka wa pili tangu Liwali Suudi kuushika mji wa Ungamo, nyumba ya kulea watoto ilifungwa siku kumi na moja. Kila siku katika hizo wazazi walilipa kibaba cha mchele, sawasawa na siku ambazo mlango ulikuwa wazi.

Nyumba ilikuwa mali ya Liwali. Mlezi alikuwa Bi Kazija, mwanamke mtu mzima aliyewalisha uji watoto thelathini na mmoja, akawaogesha, na adhuhuri akawalaza, kila mmoja juu ya mkeka wake, mahali pake palipozungushiwa mstari wa chokaa. Lakini aliyefunga hakuwa yeye. Liwali akitaka kuanika nazi, hufunga. Mkewe akitaka kukaa na mashoga zake uani, hufunga. Mchele wa siku hizo ulikwenda ghalani kwa Liwali, na Bi Kazija hakupata hata punje.

Miongoni mwa wazazi alikuwamo Vuai, mchimba visima, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti wa miaka minne, jina lake Mize. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa alishika maneno kama yalivyotoka kinywani mwa mtu. Tajiri mmoja alipata kumwambia achimbe mpaka atakapoambiwa basi, kisha tajiri akaenda matangani. Aliporudi siku ya nne alikuta maji yamepatikana zamani, na Vuai yumo ndani, maji yamemfika kidevuni, bado achimba.

Sasa mchimba kisima hawezi kushuka na mtoto. Ikawa siku za kufungwa humfunga Mize kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye mpapai, kisha hushuka. Siku ya kumi na moja alisikia changarawe zikimwangukia kichwani. Alipoinua macho aliona nyayo mbili ndogo zaning'inia ukingoni. Mpapai ulikuwa umeng'oka. Akapanda mbio, akamshika mguu.

Jioni ile alikuja Shamte, karani wa Liwali, kudai kibaba cha siku, ambacho Vuai hakukitoa alfajiri. Akasema pia kwamba asiyelipa, nafasi ya mwanawe itapewa mwingine kabla ya Ijumaa. Vuai akalipa. Asubuhi akaenda barazani kwa Liwali, matope yangali miguuni, akaamkia, akaulizwa haja yake.

"Bwana wangu," akasema, "mimi mtu mjinga. Siku mlango ukiwa wazi, najua nimelipia uji, na kuoga, na macho ya Bi Kazija. Siku mlango ukifungwa, nimelipia nini?"

Watu wa barazani wakacheka. Liwali naye akacheka, kisha akajibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Umelipia nafasi, Vuai. Mlango ukifungwa, nafasi haiendi popote. Ni ya mwanao, na ni yako wewe uliyeilipia, usiku na mchana, wala hapana atakayeikalia ila kwa idhini yako."

"Hata bwana mkubwa?"

"Hata mimi."

Vuai akashukuru. Akaomba maneno hayo yaandikwe, maana yeye ni msahaulifu na huenda kesho akarudi kumsumbua bwana kwa swali lile lile. Liwali, kwa kutaka aondoke, akamwamuru Shamte aandike, akapiga mhuri wake. Shamte akamkabidhi karatasi, akamwambia asiitumbukize kisimani.

Basi baada ya siku sita zikaja habari kwamba Sultani anamtuma mjumbe, Sheikh Thabiti, kutazama jinsi Ungamo inavyotawaliwa. Liwali hakuwa na ua mpana wenye kivuli kuliko ule wa nyumba ya watoto. Akatangaza kwamba Jumatatu nyumba itafungwa, karamu itafanyika humo, na mchele utatozwa kama kawaida.

Vuai akapita kwa wazazi mmoja mmoja, akiwaonyesha karatasi na kuwaomba jambo moja. Wengine walimwambia ana wazimu. Mama mmoja mchoma mihogo alimuuliza kama yuko tayari kulala gerezani na mtoto atamwachia nani. Vuai akamjibu kwamba hajui, lakini mpapai mwingine hana. Yule mama akakubali, na wengine wakamfuata. Mwisho alikwenda kwa Bi Kazija kuomba ufunguo. Bi Kazija akasema yeye amelala na hajaona aliyeuchukua, kisha akamwekea mkononi.

Jumatatu asubuhi Liwali alifika mlangoni pamoja na Sheikh Thabiti, na nyuma yao watu kumi na wawili wenye masinia ya pilau vichwani. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Ndani zilisikika sauti: mtu atwanga, mtu akohoa, watoto wacheka.

Shamte akagonga. Sauti ya Vuai ikajibu kwamba leo pamefungwa.

"Fungua, mpumbavu wee," Shamte akasema. "Mwenye nyumba yuko hapa."

"Mwenye nyumba twamjua, na twamheshimu. Lakini nyumba imejaa nafasi, na nafasi zina wenyewe. Nasi sote tuliomo tumelipia leo."

Sheikh Thabiti akauliza mambo gani haya. Hapo karatasi ikapenyezwa chini ya mlango. Mjumbe akaiokota, akaisoma kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho, akautazama mhuri, kisha akamtazama Liwali.

"Huu ni mhuri wako?"

"Ni wangu."

"Basi tufanyeje?"

Liwali alitafakari. Kuvunja mlango alikuwa na watu wa kuuvunja. Lakini kuuvunja mbele ya mjumbe wa Sultani, na mhuri wake mwenyewe mkononi mwa mjumbe, lilikuwa jambo jingine. Na ada ya Ungamo ilijulikana: mtu akiwa juu ya mkeka wake yuko kwake, na aliye kwake hupigiwa hodi mara tatu, akinyamaza, mgeni hurudi alikotoka. Jua lilikuwa linapanda, na pilau inapoa.

"Hodi," akasema Liwali.

Ndani mtu akaendelea kutwanga.

"Hodi."

Kutwanga kukakoma. Vuai, aliyesimama nyuma ya mlango, akaweka mkono juu ya komeo. Nyuma yake Mize alikuwa amekaa ndani ya mstari wake wa chokaa, akila muhogo wa kuchoma.

"Hodi, Bwana Vuai," akasema Liwali mara ya tatu.

"Karibu, bwana. Karibu na wageni."

Mlango ukafunguliwa. Uani walikaa wazazi wengine thelathini, kila mmoja juu ya mkeka wa mwanawe, miguu imekunjwa ili isivuke chokaa. Vuai akaeleza, kwa adabu, kwamba nafasi zote zina watu, ila Mize amekubali kumpisha bwana mkubwa nusu ya yake. Ilikuwa dhiraa mbili kwa moja. Liwali akaketi, magoti yakamfika kidevuni, na Mize akammegea muhogo.

Sheikh Thabiti ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka hata kilemba kikaenda upande. Liwali akajizuia, akashindwa, akacheka naye. Masinia yakateremshwa, wakala wote, maana wenyeji ndio wale waliokaribisha.

Walipokwisha kunawa, Liwali akasema: "Vuai, nifanyeje niupate ua wangu?"

"Siku ukifunga, bwana, usitoze. Hapo nafasi ni yako, nasi tutakupigia hodi sisi."

Mjumbe akasema hukumu hiyo yampendeza, akaongeza neno moja lake: atakayepokea mchele wa siku, ampokee na mtoto wa siku hiyo. Liwali akapiga mhuri. Vibaba kumi na moja vya mwezi uliopita vikarudishwa kwa kila mzazi, na Bi Kazija akapewa ujira wa siku zake zote.

Wiki iliyofuata Bi Kazija aliumwa jino, akafunga Jumatano. Shamte, kwa mazoea, alipita alfajiri akakusanya mchele. Saa mbili asubuhi watoto thelathini na mmoja waliletwa nyumbani kwake. Kabla ya adhuhuri alirudisha mchele wote.