Kitenge Ndani ya Tairi

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli, na mke aliyejua kuitunza. Jumatatu moja tairi la nyuma lilichanika kwenye jiwe, upana wa vidole viwili. Mkewe, Minza, alikata pindo la kitenge chake, akalikunja mara nne, akalilaza ndani ya tairi pale palipochanika, akarudisha mpira wa ndani na kujaza upepo. "Hili litakufikisha mwisho wa mwezi," alisema, akaenda kusonga ugali. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile. Alhamisi homa ilimshika. Jumapili walimzika.

Mtu huyo aliitwa Nkwabi. Kazi yake ilikuwa kupeleka maziwa ya nyumba tano kwenye kituo cha maziwa, akipita mbuga yenye migunga, ile miti ya miiba. Kituo kilifunga mlango saa tatu asubuhi. Maziwa yaliyochelewa hayakupokelewa, na kijiji kilichochelewa mara tatu katika mwezi mmoja kilipoteza nafasi yake, ikapewa kijiji kingine. Matanga yalipoanuliwa, Nkwabi alirudi barabarani, kwa sababu ng'ombe hawajui msiba.

Siku ya kwanza tairi liliisha upepo katikati ya mbuga. Alishusha madumu, akapindua baiskeli, akautoa mpira na kuutumbukiza dimbwini hadi akaona mapovu. Akapiga msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka. Kisha akapitisha kidole ndani ya tairi kutafuta mwiba, kama afanyavyo kila mwenye baiskeli. Kidole kilizunguka tairi lote, lakini kilipofika kwenye kitenge kilikiruka. Mikunjo ile ilikuwa ya mikono ya Minza, na hakutaka kuisogeza. Akafika kituoni saa tatu na nusu.

Siku ya pili mpira ulitoboka palepale. Akaziba tena, akakanyaga pedali kwa nguvu zote, akafika mlango ukivutwa, na maziwa yakapokelewa. Siku ya tatu ulitoboka palepale, na gundi ilikuwa imekwisha. Akaufunga mpira kwa kamba pande zote mbili za tundu, akashindilia tairi majani makavu, akaondoka gurudumu likichechemea kama fisi. Mlango aliukuta umefungwa. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Watu wa zile nyumba tano walipokea maziwa yao yaliyoganda bila neno. Mfiwa hakaripiwi. Nkwabi aliona afadhali wangemtukana.

Jioni ile aliikokota baiskeli mpaka njia panda, kwa Jidula, fundi wa baiskeli, ndugu yake Minza.

"Shemeji," Jidula alisema, "siku hizi unatembea na baiskeli kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani."

"Inatoboka palepale. Nadhani gundi yako imeoza."

"Gundi yangu? Gundi yangu ingeweza kubandika mdomo wako."

Nkwabi alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Jidula alilitoa tairi, akatazama viraka viwili vya mpira vilivyopandana kama magamba ya samaki. Akaingiza mkono ndani ya tairi, akauelekeza kwenye kitenge. Nkwabi akamshika kiganja.

"Hicho kiache. Ni cha Minza."

Jidula hakuuvuta mkono. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyelia kuliko wanaume wote. Akasema taratibu: "Kitambaa ni cha dada yangu. Mwiba si wake."

Hakukigusa. Alitoa kopo la gundi na kipande cha tairi kuukuu, akavifunga kwenye keria, akageukia baiskeli ya mtu mwingine.

Kesho yake, kulipopambazuka, Nkwabi aliketi mlangoni pake na tairi magotini. Alikaa hivyo mpaka jogoo akanyamaza. Kisha akakivuta kile kitenge na kukikunjua: mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wa nne aliukuta mwiba wa mgunga, mdogo kuliko ukucha. Hata kidole kingepita juu, usingesikika. Uzito wa maziwa ukikaa, ulichomoza. Akauchomoa, ukamtoa damu kidogo. Kitenge alikifua kwa sabuni, akakianika kwenye kamba, mahali ambapo nguo za Minza zilikuwa zikianikwa. Ndani ya tairi akaweka kile kipande kuukuu. Akaifungua ile kamba, akaziba mpira, akajaza upepo, akazipitia nyumba tano, na saa tatu kasorobo madumu yote yalikuwa ndani ya mlango.

Na wewe unayesikia haya, kitu gani umekikunja vizuri moyoni ukakataza mkono wa mtu yeyote kukigusa, huku maziwa ya wenzako yakiganda njiani?