Majani ya Ua wa Bi Kazija

Hapo zamani, katika mji wa Tondwe, Sultani Ngwali alirejea safarini akiwa ameona nyua za kijani za watu wengine, na wivu ukamkaa rohoni. Basi akapiga mbiu: kila mwenye nyumba ajaze ua wake majani, yawe ya kijani, yasizidi kimo cha kidole, wala mchanga usionekane. Atakayeshindwa hata mwezi uandame, nyumba yake itatwaliwa.

Na mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika. Watu wakamwagia mbegu maji yao ya kunywa, midomo ikawakauka, wala halikuota hata jani moja. Bi Kazija, mjane msusi wa mikeka, hakuwa na kitu ila nyumba aliyoachiwa na mumewe, na hofu ya kuipoteza ikamkosesha hamu ya chakula. Akachemsha ukindu katika rangi ya kijani, akasuka hata vidole vikachubuka, akatandika ua mzima, ukuta kwa ukuta.

Mwezi ulipoandama, Sultani akaja na kadhi na askari, akainama, akagusa.

“Bi Kazija, huu si mkeka?”

“Ni majani ya mkindu, Bwana wangu. Ni ya kijani, hayazidi kidole, na mchanga hauonekani.”

“Hayakuota!”

“Mbiu haikusema yaote.”

Sultani akamtazama kadhi. Kadhi akatikisa kichwa: kweli, haikusema.

“Vema,” akasema Sultani kwa ghadhabu. “Majani hunyweshwa. Kuanzia kesho utayanywesha mitungi arobaini kila asubuhi, mbele ya askari wangu, ama nyumba naitwaa.”

“Nimesikia na kutii. Ila kisima cha mji kimebaki tope.”

“Teka katika birika kubwa la maji la jumba langu!”

Asubuhi wanawake wa mtaa wakamsaidia kubeba. Ua ule ulikuwa na mteremko, na mkeka ulishikana barabara. Ikawa maji yanateleza juu yake hadi chini, ambako wenzao wamekinga vyungu. Askari akahesabu arobaini, akaridhika. Mtaa mzima ukanywa.

Siku ya nane Sultani akaja mwenyewe, birika limepungua nusu.

“Bibi wee, majani yako hayanywi hata tone!”

“Mimi nayanywesha, Bwana wangu. Kukataa yamekataa yenyewe.”

Kicheko kikamtoka Sultani hata kilemba kikamlegea. Akaifuta amri, nyumba ya mtu isitwaliwe, akaliacha birika wazi kwa watu wote mpaka mvua ziliponyesha, akaagiza mkeka kama ule kwa ua wa jumba lake. Bi Kazija akaupima ua kwa hatua, akataja bei, na Sultani akaacha kucheka.