Kalunguyeye Amfundisha Ngiri Kuanguka

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Sema wewe, ndiwe mwenye ngano!"

Haya, nasema. Palikuwa na mbio. Si mbio za miguu, hizo mmezisikia mpaka masikio yameota magugu. Hizi zilikuwa mbio za baiskeli. Baiskeli zenyewe ndogo, magurudumu madogo, kiti cha kuwekea nusu ya tako, za kushukia mteremko na kurukia matuta. Wanyama walichonga njia yao kwenye kichuguu kikubwa. Juu kabisa waliweka lango la mbao. Chini ya lango kona moja mbaya. Baada ya kona matuta matatu, na baada ya matuta mstari wa majivu. Anayetangulia kuuvuka mstari huo, akiwa juu ya baiskeli yake, ndiye bingwa.

Tuta la tatu waliliita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyelipita bila kuinamisha kichwa.

Katika waendeshaji alikuwapo Kalunguyeye, kamnyama kadogo, miiba mgongoni, pua kama ncha ya kalamu. Aliendesha misimu minane. Katika misimu minane alishinda mara ngapi?

"Mara ngapi?"

Hata mara moja! Kofia ngumu haikumkaa. Aliivaa, miiba ikaisukuma, ikabaki inaning'inia juu kama chungu kwenye mafiga. Miguu yake ilikuwa mifupi, akazikanyaga pedeli kama mtu anayeua siafu. Lakini hakuuficha ukweli. Alipoulizwa kazi yake alisema, "Mimi ni mwanamichezo wa kimataifa. Nimeanguka pande zote mbili za mto."

Mbio zake zilikuwa hivi. Lango likaanguka, kwachaa! Wenzake wakatoka, vuuu! Yeye akatoka, kwi-kwi-kwi. Kona, akapita. Tuta la kwanza, hopu. Tuta la pili, hopu. Mama Mkwe... puu! Baiskeli huku, Kalunguyeye kule. Na kwa kuwa kalunguyeye akiogopa hujikunja akawa mpira, alibiringika, biringi biringi biringi, mpaka miguuni pa watazamaji. Watazamaji walicheka wakashika mbavu. Wakishacheka, wakaona haya. Wakishaona haya, wakamhurumia.

"Maskini Kalunguyeye! Maskini!"

Kila aliyesema maskini alitupa karanga chache katika kikapu chake. Zile karanga ndizo alizokula yeye, mkewe Mama Sindano, na watoto wao watatu. Kwa hiyo msiseme hakuwa mwendeshaji wa kulipwa. Alilipwa. Ila alilipwa kwa kuanguka.

Bingwa wa siku zote alikuwa Ngiri. Shingo nene, pembe mbili mdomoni, nguvu za mafuriko. Kwenye kona alitoa kiwiko kulia, ngu! Akatoa kiwiko kushoto, ngu! Wenzake wakatumbukia vichakani, yeye akaenda zake. Zawadi ya kwanza ilikuwa magunia matatu ya viazi. Ngiri akaichukua. Msimu uliofuata akasema, "Bingwa mkubwa kama mimi nipewe na ya pili." Akapewa. Msimu mwingine akasema, "Na ya tatu, kwa usumbufu." Akapewa. Nani angemkatalia, na zile pembe?

Basi ukaja mwaka wa kiangazi. Mto ukawa mchanga, viazi vikawa haba, karanga zikawa za kutafuta kwa tochi. Siku moja mchana Ngiri akabisha kwa Kalunguyeye. Kubisha kwenyewe ni kwa bega, mlango ukaingia pamoja naye.

"Hodi," alisema akiwa tayari ndani.

"Karibu, Kaka Ngiri."

Ngiri akakiona kikapu cha karanga. Akachota gao la mkono, akatafuna na maganda yake. Kacha kacha kacha.

"Hizi unapewa kwa kazi gani?"

"Kwa kuanguka, kaka."

"Kuanguka tu?"

"Kuanguka tu."

"Basi kuanzia mbio zijazo, kikapu ni changu."

Kalunguyeye akakivutia kikapu kwake. Viazi alishazoea kuvikosa. Lakini karanga? Akawatazama watoto wake watatu pale pembeni, wananusa maganda yaliyomdondoka Ngiri. Akafumbua mdomo ili aombe. Ajabu, yaliyotoka hayakuwa maombi.

"Huwezi, kaka," alisema.

Ngiri aliacha kutafuna. "Mimi nisiweze?"

"Kushinda unaweza. Kushinda ni nguvu tu, hata maporomoko ya mawe yanashinda. Kuanguka ni kipaji. Mimi nimekisomea misimu minane. Wewe ukianguka, watu wataona ngiri kaanguka. Mimi nikianguka, watu wanaona mama zao wameanguka."

Ngiri akanuna. Akazunguka chumba. Kitu asichokuwa nacho kilimwasha kuliko upele.

"Nifundishe."

"Nikufundishe kuninyang'anya kikapu changu mwenyewe?"

"Nifundishe, au nikae hapa mpaka karanga ziishe."

"Haya basi, kaa usikilize. Kwanza, unaangukia Mama Mkwe, maana ndipo macho ya watu yalipo. Baada ya mstari wanatazama viazi. Pili, ukianguka, lala chali, miguu juu, tumbo nje. Huruma hupenda tumbo. Tatu, na hili ndilo kubwa: usiinuke. Mwanagenzi huinuka mbio. Bingwa wa kuanguka hungoja mpaka aisikie 'maskini' mara saba. Ikipungua moja, kikapu hakijai."

Ngiri akakuna shingo. "Ngoja kwanza. Nikiwa nimelala, wewe si utanipita?"

"Mimi?" Kalunguyeye akajigusa kifua. "Kaka Ngiri, hebu nikumbushe. Nimewahi kulipita tuta lile?"

Ngiri akacheka. Alicheka makamasi yakamtoka, akagaragara, akavunja na kigoda. "Hujawahi!" alisema. "Hujawahi hata siku moja, wewe!" Kalunguyeye naye akacheka kumsindikiza, ingawa kile kicheko kilimchoma mahali ambapo miiba haifiki.

Ngiri alipoondoka, Mama Sindano akatoka nyuma ya pazia.

"Baba Sindano, umempa kazi yako?"

"Nimempa."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitapita."

"Utapita nini?"

"Tuta."

Mama Sindano akamtazama mumewe kuanzia pua hadi mkia, na safari hiyo haikuwa ndefu. "Basi niende nikachume majani ya vidonda mapema," alisema, "kabla jua halijawa kali."

Siku ya mbio ikafika. Wanyama wakajaa pande zote mbili za njia. Mwamuzi alikuwa Mzee Kobe, aliyechaguliwa kwa kuwa hakuwahi kusingiziwa haraka. Langoni walijipanga wanne: Ngiri, Nguchiro, Digidigi, na Kalunguyeye mwisho kabisa, kofia ikining'inia.

"Tayari?" aliuliza Mzee Kobe. Akapumzika kidogo. "Haya."

Lango likaanguka, kwachaa! Ngiri akatoka, vuuu! Nguchiro akatoka, vuuu! Digidigi akatoka, vuuu! Kalunguyeye akatoka, kwi-kwi-kwi. Kwenye kona Ngiri akatoa kiwiko kulia, ngu! Nguchiro kichakani. Akatoa kiwiko kushoto, ngu! Digidigi kichakani. Tuta la kwanza, hopu. Tuta la pili, hopu. Ngiri alikuwa mbele peke yake, mstari wa majivu anauona, ushindi anaunusa. Lakini na karanga alizinusa pia. Akaliendea Mama Mkwe, akaachia usukani kwa hiari yake, na akaanguka.

Tifuuu! Vumbi likapanda hadi kwa mwewe. Likatua. Ngiri yuko chali chini ya tuta upande wa mstari, miguu juu, tumbo nje, jicho moja wazi. Akasikiliza.

Kimya.

Akaugua kidogo, kuwakumbusha. Kimya. Hakuna aliyekuwa na huruma ya kutosha. Kila mmoja alivikumbuka viazi vyake. Mwishowe bibi Kanga mmoja akasema, "Maskini..."

"Moja!" Ngiri alijisemea.

"...baiskeli ya watu, imepinda."

Ngiri akaihesabu hivyo hivyo.

Huku nyuma Kalunguyeye alikuwa anakuja. Tuta la kwanza, hopu. Tuta la pili, hopu. Akaliona Mama Mkwe. Akajiambia, "Leo ninapita. Leo ninapita." Magoti nayo yakamwambia, "Bwana wee, sisi tunakujua." Akafumba macho. Akakanyaga. Akapaa.

Na je, alipita?

"Alipita!"

Alianguka! Alianguka kama siku zote, tena vibaya kuliko siku zote. Ila safari hii chini hapakuwa na ardhi. Palikuwa na tumbo la Ngiri, limejaa viazi vya misimu minane, limetuna kama godoro la bwana harusi. Magurudumu yakatua katikati ya kitovu. Bwiii! Yakazama. Bwoooi! Yakarudi. Kalunguyeye akarushwa juu pamoja na baiskeli, akapita juu ya vichwa vya watu, akiwa mpira wa miiba ulioshika usukani, akaenda kuangukia ng'ambo ya mstari wa majivu, ndani ya magunia ya viazi. Puu!

"Maskini Kalunguyeye!" watu wote wakalia. "Maskini! Maskini jamani!"

Ngiri pale chini, pumzi hana, lakini uso umemeremeta. "Mbili," alihesabu. "Tatu. Nne. Tano. Sita... Saba!" Akainuka taratibu, akajipangusa vumbi, akainama kulia, akainama kushoto. Aliponyanyua kichwa akaona watu wote wamempa mgongo.

"Mzee Kobe," alinguruma, "huyu hakuendesha! Amerushwa!"

Mzee Kobe akafikiri. Watu wakakaa chini wakimngoja.

"Kanuni inasema avuke akiwa juu ya baiskeli," alisema hatimaye. "Amevuka juu ya baiskeli. Haisemi macho yawe wazi. Nawe, bingwa, hebu tueleze, ulianguka vipi pale, siku ya jua, njia kavu, hakuna aliyekugusa?"

Ngiri aseme nini? Kwamba alianguka makusudi kwa ajili ya karanga za watoto wa mwenzake? Akaokota baiskeli yake iliyopinda, akaondoka nayo begani.

Viazi vikagawanywa: vya kwanza kwa Kalunguyeye, vya pili kwa Nguchiro, vya tatu kwa Digidigi, waliotoka vichakani na majani masikioni. Nyumbani kwa Kalunguyeye watoto wakala mpaka wakalala na vijiko mkononi.

Kesho yake Kalunguyeye akatangaza kustaafu. "Bingwa hodari huondoka akiwa kileleni," aliwaambia watu. Vijana wa baiskeli wakamwendea wakaketi chini.

"Shikamoo, bingwa. Siri ya ushindi ni nini?"

Kalunguyeye akakohoa, akaitengeneza sauti. "Mazoezi," alisema. "Nidhamu. Na kutofumba macho kamwe."

Mama Sindano, aliyekuwa anambandika majani mgongoni, akalibandika lile la mwisho kwa nguvu kidogo.

Basi, wenzangu, ngano hii inatufundisha kwamba mwenye bidii ndiye ashindaye, na kwamba mwalimu mwema hamfichi mwanafunzi wake kitu. Msiniulize ni wapi ilipofundisha hivyo. Mimi ni msimulizi tu, na baiskeli yenyewe sijui kuipanda.

Nimefika mstarini, nashuka. Aliyecheka aende nayo, aliyesinzia amwulize jirani yake.