Unga Kwenye Sakafu ya Darasa la Sita

Soma polepole, ukimaliza mpelekee mwenzio, maana neno kama hili halilali kwa mtu mmoja.

Kijiji cha Mwabuluba kilikuwa na darasa lililokuwa likijigeuza lenyewe usiku. Jioni Mwalimu Minza hulifunga kwa kufuli, ufunguo akauweka chini ya mto wa kulalia. Asubuhi akifungua, madawati yote yametazama ukuta wa nyuma, na ubao umefutwa kwa maji, bado unachuruzika. Kana kwamba kuna mtu alikuwa akifundisha, na wanafunzi wake si wa kuonekana.

Watoto wakaacha kuja. Na watu, si unawajua watu, wakaanza kunong'ona kisimani: ni Bi Ng'wasi, yule mjane mwenye macho mekundu. Aliyelitaja jina hilo kwanza ni Mwalimu Minza mwenyewe. Mkutano ukaamua kikongwe afungashe vyombo aondoke. Nao vikongwe wanaofukuzwa namna ile huwa hawafiki mbali.

Sasa, palikuwa na kikundi cha wazazi, Jaribu Kwanza, kilichokuja shuleni kila Jumamosi kuwafundisha watoto kupima mambo kwa vitu vya jikoni. Kiongozi wao, Mama Sayi, nesi mstaafu, akasimama mkutanoni.

"Mwenyekiti, kabla hatujamhamisha mtu, watoto wamwage unga mle darasani. Anayepita tutaona katokea wapi na kaenda wapi."

"Mchawi hakanyagi chini, Mama Sayi," mwenyekiti akajibu. "Utapoteza ugali bure."

"Ugali ni wangu. Wewe tumbo linakuumia nini?"

Watu wakacheka. Mwalimu Minza naye akacheka, akakubali. Moyoni alitaka kikongwe aumbuke.

Jioni watoto wakamwaga unga, naye akafunga mlango kwa kufuli kama kawaida. Kulipokucha, minong'ono ya watoto ilimwamsha mwalimu nyumbani kwake, ng'ambo ya uwanja wa shule. Akachungulia dirishani. Walikuwa wameinama, wanafuata kitu chini, na wazazi nyuma yao. Nyayo nyeupe za mtu pekupeku. Zilitoka darasani, zikakatiza uwanja, wala hazikuelekea kwa Bi Ng'wasi.

Zilikuja kwake.

Akajitazama miguu. Katikati ya vidole, unga.

Hakukumbuka kitu. Mwili ukamsisimka kama mtu aliyeguswa na mkono asiouona. Mtungi wa maji ulikuwa pale pembeni. Kunawa miguu ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kikongwe angeondoka, na hakuna ambaye angejua.

Nje msichana mmoja akauliza, "Mama Sayi, zimeishia hapa. Tuandike nini?"

Mwalimu Minza akafungua mlango, akaketi kizingitini, akainyoosha miguu mbele yao wote.

"Andikeni mnachokiona," akasema.

Bi Ng'wasi hakuhama. Watoto walirudi, na darasa limetulia tangu jirani aanze kulala mlangoni kwa mwalimu, asije akatoka tena usingizini. Ila jirani huyo anasema humsikia usingizini akiita mahudhurio, majina ambayo hapo kijijini hayajulikani, na baada ya kila jina hunyamaza kidogo, kama anayeitikiwa.

Funzo: Mtoto aliyefundishwa kupima kabla ya kuamini humwokoa asiye na hatia, hata nyayo zikiishia mlangoni kwa mwalimu wake.