Mapovu Kwenye Kioo

Wewe uliyeshika kata hapo, unakunywa tu: unajua hiyo mbege imekwisha kuiva, au itakuja kuivia tumboni mwako?

Hapo zamani, si zamani sana, degree zilikuwa tayari zinafungia maandazi, wanakikundi wa kijiji cha Mrawi waliamua kuuza mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi, kwenye chupa. Chupa za kwanza wakazijaza mapema, chachu haijamaliza kula sukari. Zikapasuka stoo, kipande kikamchana katibu shavu. Kamati ikasema: tunataka mpimaji. Nafasi moja tu.

Wakaja watatu.

Akaja Bibi Ndeanansia, miaka arobaini anapika mbege. Akasema, "Ulimi wangu haujawahi kunidanganya. Nipeni kazi."

Akaja Eliapenda, BSc Chemistry, miaka minne anatuma CV na kujibiwa "experience, dada, experience." Mkononi ana haidromita, kioo chembamba cha kupimia. Akasema, "Maji matupu yanasoma elfu moja. Sukari ikiwepo, kioo kinaelea juu, namba inapanda. Chachu ikiila, kinazama. Namba haibahatishi. Nipeni kazi."

Akaja Kiwia, mchujaji, darasa la saba. Akasema, "Mimi nachuja. Nipeni kazi."

Pipa likafunuliwa. Bibi akaonja. "Imeiva."

Eliapenda akachota mbege na pumba zake za ulezi, akatumbukiza kioo. Elfu moja na ishirini. "Bado! Facts, bibi, siyo mate!"

Watu wakacheka. Bibi aliyaona mapovu yaliyoganda kwenye kioo, yamekibeba juu juu kama wapagazi. Akanyamaza makusudi: isubiriwe mpaka ichachuke, tuione hiyo degree.

Eliapenda naye aliyaona. Alifundishwa hayo mwaka wa kwanza. Lakini kuyasema ni kumpa bibi kazi! Akanyamaza.

Na Kiwia aliyaona. Akangoja. Wale wawili walipomaliza kuitana mchawi na malaya wa vyeti, ndipo akasogea, mpole kama shemasi. "Chujeni kwanza. Kizungusheni kioo, mapovu yaachie."

Wakachuja, wakazungusha. Elfu moja na kumi. Kesho yake, kumi. Keshokutwa, kumi ile ile. Namba imekoma kushuka: chachu haina tena sukari ya kula, mbege imeiva.

"Nilisema mimi kwanza!" Bibi akapiga paja.

"Ulisema, bibi, sawa. Ila watu wa vibali hawaandiki ulimi kwenye fomu. Wanataka namba, na kioo ni changu."

"Namba yako ilikuwa ya mapovu, dada," akasema Kiwia. "Ya kweli nimeitoa mimi."

"Wewe nawe!" Bibi akamgeukia. "Ulingoja tutukanane ndipo uonekane una akili!"

Kamati ikaenda kujadili. Mpaka leo inajadili. Kikao cha tatu hiki, chai na vitumbua, na mbege haingoji kikao. Siku mbili zaidi tu, itachacha.

Je, nani alistahili? Ulimi uliojua kwanza, kioo kilicholeta namba, au mkono ulioyaondoa mapovu? Na wote watatu waliyaona, wakayafuga rohoni.

Mwenyekiti na kamati yako, wekeni vikombe chini. Tokeni nje, tajeni jina hapa, mbele ya pipa. Na likiwa la mpwa wako, asiyepima hata tone, pipa lote tunalimwaga miguuni mwenu.